Maneno ya jimnastiki ukutani: shajara ya mradi wetu, Nsambya, Kampala

8 Februari 2025: Tulipoanzia

Tuna watoto 23, ukumbi wa kuazima wenye sakafu ya saruji, magodoro 8 ya sponji yaliyoshonewa turubai, na boriti tuliyochongesha kwa seremala. Boriti ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 kama ile ya mashindano, ila ya mashindano huinuliwa sentimita 125 na yetu tumeiweka sentimita 30 tu, maana chini yake hakuna zulia la maana.

Ukumbini tunasema Kiswahili. Baadhi ya watoto wametoka Goma na Bukavu na wana Kiswahili cha huko. Wengine ni Wanubi wenye jamaa zao Bombo. Waliobaki ni Waganda waliokiokota kwa askari, kwa madereva na redioni. Ndiyo lugha ambayo kila mmoja ana kipande chake. Lakini kanuni za mchezo, video na vitabu tunavyovipata vyote ni vya Kiingereza, na mtoto hawezi kusimama juu ya boriti akisubiri mwalimu afungue kamusi.

Kwa hiyo nimeamua tukusanye maneno ya Kiingereza ya jimnastiki, tueleze kila moja kwa Kiswahili cha ukumbini, halafu tuonyeshe lipi ni ndugu wa lipi. Tutaanza na jimnastiki ya vifaa peke yake: vifaa 6 vya wanaume na 4 vya wanawake. Utepe, kitanzi na trampolini tutaviangalia baadaye. Nasaidiwa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, ambaye sisi sote tunamwita Afande. Yeye alijifunza mazoezi ya viungo jeshini kwa Kiswahili na ana maneno ambayo mimi, mwalimu wa darasani, sina.

Nayaandika haya ili mwalimu mwingine, awe Mbale, Kisumu au Mwanza, asipoteze miezi kwa makosa yetu.

Gharama mpaka leo: manila 6 kwa shilingi 6,000 za Uganda, kalamu za wino mzito 4 kwa 6,000, na bando la intaneti la 20,000.

15 Februari 2025: Orodha ya a-be-che yashindwa

Nimekusanya maneno 212. Nikayapanga kialfabeti, nikaandika maana pembeni, nikapiga chapa kurasa 30 kwa shilingi 15,000. Jumamosi hii nimezileta ukumbini, na ndani ya saa moja nikajua kwamba hazifai.

Kosa la kwanza ni la kamusi. Maneno mengi ya mchezo huu yana maana nyingine mtaani, na kamusi ya kawaida hukupa ile ya mtaani. Nilikuwa nimeandika kwamba "tuck" ni kuchomekea, kama shati. "Layout" nikaandika mpangilio, kama wa gazeti. "Kip" nikaandika kulala usingizi. Ukweli ni kwamba "tuck" na "layout" ni maumbo ya mwili hewani, na "kip" ni kujinyanyua kutoka kuning'inia chini ya ufito ("bar") mpaka kujiegemeza juu yake kwa mikono. Neno hilo asili yake ni Kijerumani, na si ajabu: mazoezi mengi ya fito yalikuzwa Ujerumani, alikofungua Friedrich Ludwig Jahn uwanja wake wa mazoezi Berlin mwaka 1811.

"Hurdle" ndilo lililotuchelewesha zaidi. Mtoto yeyote aliyewahi kwenda kwenye mashindano ya riadha ya shule anajua hilo ni kiunzi, kile kinachorukwa. Walikitafuta kiunzi. Katika jimnastiki "hurdle" ni ule mruko mfupi mwishoni mwa mbio, unaokuweka sawa kabla ya kukanyaga ubao wa kurukia au kuweka mikono chini. Hakuna kinachorukwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Alfabeti inatenganisha ndugu na kukalisha wageni pamoja. "Back handspring" iko kwenye B, "flic-flac" iko kwenye F, nami nilikuwa nimezipa maelezo mawili tofauti, ilhali ni kitu kimoja: kujirusha nyuma kutoka miguuni, kupitia mikononi, kurudi miguuni. Mtoto mmoja wa Bukavu aliziangalia karatasi mbili akauliza, "Mwalimu, hii ya pili tutajifunza lini?"

Kurasa zote 30 nimeziondoa.

1 Machi 2025: Kupanga kwa vifaa

Jaribio la pili lilikuwa kutundika manila moja kwa kila kifaa. Hapa tumepata faida ya majina ya vifaa vyenyewe, ingawa nayo yalitugombanisha.

"Beam" niliiita mhimili. Afande akakubali, watoto wakakubali. Baadaye nikahitaji neno la ule mstari usioonekana ambao mwili huuzunguka, na kwa Kiswahili huo nao ni mhimili. Ukisema "zunguka kwenye mhimili" ukiwa ukumbini, watoto wanapanda juu ya mbao. Tumekubaliana: kifaa ni boriti, mhimili ni ule wa mzunguko, basi.

"Bars" watoto waliziita vyuma. Tatizo ni kwamba kwenye mashindano zile mbili za sambamba za wanaume si chuma kitupu. Mkono hushika mbao. Afande akasema, "Si ni fito tu?" Kila aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa anajua ufito. Kwa hiyo tuna ufito mlalo, fito sambamba, na fito za juu na chini za wanawake. Neno limekaa siku hiyohiyo.

"Horse" inahitaji tahadhari. Kwenye vitabu vya zamani utasoma kwamba wanawake na wanaume huruka juu ya farasi: wanaume kwa urefu wake, wanawake kwa upana wake. Hilo liliisha mwaka 2001, kilipoletwa kifaa kipana kama meza, kilichoinama kidogo upande wa mbele. Leo farasi amebaki mmoja tu, yule mwenye vishikio viwili ambaye wanaume huzungusha miguu juu yake. Kile kingine tumekiita meza ya kurukia. Ukitumia kitabu cha kabla ya 2001, mweleze mtoto mapema.

Halafu "vault" lenyewe. Kwa Kiingereza ni kifaa, ni shindano, na ni kitendo cha kuruka, vyote kwa jina moja. "Floor" vilevile: zulia la mita 12 kwa 12, na pia shindano linalofanyiwa juu yake. Kwa Kiswahili hatukuwa na sababu ya kubeba mzigo huo. Tumeandika meza, shindano la meza, na kuruka meza, kila kimoja na kadi yake.

Mpango wenyewe lakini umeshindwa. "Handstand" iko kwenye kila kifaa. "Salto", yaani kupinduka hewani bila kuweka mikono, iko karibu kila mahali. Niliandika kusimama kwa mikono mara nane, kila mara kwa maneno tofauti kidogo, na watoto wakaamini ni mambo manane.

15 Machi 2025: Siku ya kifundo cha mkono

Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu ndilo lililoubadilisha mradi.

Tulikuwa na neno "geuka" likifanya kazi tatu. Lilisimama badala ya "turn", yaani kuzunguka kwa mguu mmoja juu ya sakafu au boriti. Lilisimama badala ya "twist", yaani kujizungusha hewani kuelekea kulia au kushoto. Na lilikuwa ndani ya tafsiri yetu ya "round-off", tuliyoiandika "gurudumu la kugeuka", kwa kuwa "cartwheel", ile ya kupita ubavu juu ya mikono, tulikwisha kuiita gurudumu.

Binti mmoja wa miaka 11, mwenye juhudi kuliko wote, alikuwa anajaribu "round-off" kwa mara ya kwanza bila mimi kumshika. Nikamwambia, "Gurudumu, halafu geuka!" Alinitii neno kwa neno. Alifanya gurudumu zima, mikono ikatoka chini, miguu ikaanza kushuka mmoja mmoja, ndipo akageuka, akiwa hewani, kama tulivyomfundisha wiki iliyopita kwenye "twist". Mguu mmoja ukatua kwenye ukingo wa godoro, mwingine kwenye saruji. Akaweka mkono wa kushoto ili ajizuie.

Kifundo kilivimba papo hapo. Tulimpeleka zahanati kwa boda, shilingi 6,000 kwenda na kurudi, na matibabu pamoja na picha ya eksirei yakawa 65,000. Mfupa ulikuwa mzima. Daktari akamfunga bandeji, akakataza mazoezi wiki tatu.

Nilimweleza mama yake kwamba kosa ni langu, na lilikuwa langu. "Round-off" huanza kama gurudumu, lakini miguu hukutana juu, mtu akiwa kichwa chini. Kiuno kinageuka wakati viganja bado viko chini. Ndipo viganja vinasukuma sakafu na miguu miwili inatua pamoja, uso ukitazama kule ulikotoka. Kugeuka kunafanyika juu ya mikono. Neno langu liliweka kugeuka mwishoni.

Tangu leo "round-off" ni gurudumu-funga. Funga ni miguu. Jina linamwambia mtoto afanye nini na wakati gani, na tukishamwambia afunge miguu juu, kiuno chenyewe humpeleka.

22 Machi 2025: Mwanasesere na vijiti vitatu

Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza "geuka" ilipoharibika. Jibu nimelipata kwa mwanasesere wa magome ya mgomba, wa aina ambayo watoto wa hapa hujisukia wenyewe, na vijiti vitatu vya mshikaki vya shilingi 1,000.

Kijiti cha kwanza nilikichoma kutoka nyonga ya kulia hadi nyonga ya kushoto. Ukikishika ncha zote mbili na kumzungusha mwanasesere, anakwenda kichwa chini miguu juu, mbele au nyuma. Watoto wote walisema neno moja, hata wa Bukavu: anapinduka.

Kijiti cha pili kilipita utosini hadi kati ya nyayo. Ukikizungusha, kichwa kinabaki juu na mwili unajizungusha kama pia. Hapa walisema mengi: anageuka, anazunguka, anajisokota.

Kijiti cha tatu kilipita kitovuni hadi mgongoni. Ukikizungusha, anakwenda ubavu kwa ubavu, mikono na miguu kama mataruma ya baiskeli. Gurudumu, wakasema, na hawakuhitaji kuambiwa.

Tulikaa sakafuni tukimchukua mwanasesere kwa zamu. Kila aliyemshika alitaja neno la Kiingereza kutoka kwenye kadi na kuuliza: kijiti kipi? "Forward roll", kubingirika mbele: cha kwanza. "Back handspring": cha kwanza. "Pirouette", kuzunguka kwa mguu mmoja: cha pili. "Cartwheel": cha tatu. "Aerial cartwheel": cha tatu, bila mikono. Yule binti, mkono umefungwa, alikuwa wa kwanza kusema kwamba "salto" yenye "twist" inataka vijiti viwili kwa wakati mmoja. Akachukua kijiti cha kwanza na cha pili, akajaribu kuvizungusha pamoja, mwanasesere akachanika.

Tumesuka mwingine. Na maneno yamekaa hivi: kijiti cha kwanza ni kupinduka; kijiti cha pili hewani ni kujisokota; kijiti cha pili mguu ukiwa chini ni kugeuka; kijiti cha tatu ni gurudumu. "Geuka" sasa ina kazi moja tu, na ni marufuku kuitumia kwa kitu chochote kinachofanyika hewani.

5 Aprili 2025: Wavu wa nyuzi

Baada ya mwanasesere niliacha orodha na manila za vifaa. Kila neno limepewa kadi moja tu, ukutani, na uhusiano unaonyeshwa kwa uzi. Nimenunua nyuzi za rangi 5 soko la Owino kwa shilingi 10,000 na pini za 3,000. Nyekundu ni "aina ya". Buluu ni "sehemu ya". Kijani ni "hutangulia". Njano ni "jina jingine la". Nyeusi ni "kinyume cha".

Njano ilinishangaza kwa wingi wake. "Salto", "somersault" na "flip" ni uzi mmoja wa njano. "Salto" limetoka Kiitaliano, maana yake mruko tu. Ndilo wanalotumia waandishi wa kanuni. "Flip" ni la mtaani. Kiswahili nacho kina mawili: samasoti, na kichwangomba ambalo Afande anasema ndilo la watu wazima. Nimeandika yote mawili kwenye kadi, lakini ukumbini tunasema kupinduka hewani, kwa sababu samasoti ya watoto wetu ni yoyote ile, hata ya kubingirika chini.

Kijani ndiyo yenye faida kubwa kwa kocha. "Round-off" hutangulia "flic-flac", na "flic-flac" hutangulia "salto" ya nyuma. Mkimbiaji anakwenda mbele, gurudumu-funga linageuza mbio hizo ziwe mwendo wa kinyumenyume, "flic-flac" inaongeza kasi, kupinduka kunaitumia. Mtoto akiuona uzi huo wa kijani, anaelewa kwa nini simruhusu aruke hatua.

Buluu nimeitumia zaidi kwenye meza ya kurukia: mbio zisizozidi mita 25, mruko wa maandalizi, ubao, mpaao wa kwanza, msukumo wa mikono, mpaao wa pili, kutua. Sehemu saba, na jina moja la Kiingereza kwa zote.

Kosa la wiki: niliziwekea "handspring" na "handstand" uzi mwekundu, kana kwamba moja ni aina ya nyingine, kwa kuwa zote zina "hand". Moja ni kusimama, nyingine ni kupita. Mwili unapita kwenye kusimama kwa mikono ukiwa njiani, kwa hiyo uzi sahihi ni buluu.

26 Aprili 2025: Maumbo, na mtaro

Kiingereza cha jimnastiki kina tabia ya kukata maneno. "Back tuck" si aina ya "tuck". Ni "salto" ya nyuma, mwili ukiwa umejikunyata; neno lenyewe la kupinduka limeangushwa. "Full" ni msokoto mmoja mzima, digrii 360, na neno la msokoto limeangushwa pia. Ndiyo maana "double" peke yake haina maana. "Double back" ni kupinduka mara mbili. "Double full" ni kupinduka mara moja na kujisokota mara mbili. Nimeyaona maneno haya mawili yakichanganywa kwenye maelezo ya video, na mtoto akiyachanganya ataumia.

Kanuni yetu: kwa Kiswahili hatukati. Tunataja kupinduka kwanza, kisha umbo, kisha msokoto. Ile "triple-double" ya Mmarekani Simone Biles sakafuni mwaka 2019, kwetu ni "kupinduka nyuma mara mbili, umejikunyata, misokoto mitatu". Ni ndefu, lakini mtoto anaweza kuichora.

Maumbo yenyewe yamekuwa mepesi. "Tuck" ni kujikunyata, kama mtu aliyepigwa na baridi ya asubuhi Kabale. "Pike" ni kujikunja kiunoni, magoti yakiwa yamenyooka. "Layout" ni kunyooka. "Straddle" Afande aliita kutagaa. Watoto hawalijui, tukaandika kutanua miguu, na la Afande tukaliweka kwa uzi wa njano. "Split" ni msamba, na hapo hakukuwa na ubishi.

Ubishi ulikuwa kwenye "jump", "leap" na "hop". Kanuni zinazitenganisha kwa miguu. "Jump" unaondoka kwa miguu miwili. "Leap" unaondoka kwa mmoja na kutua kwa mwingine. "Hop" unaondoka na kutua kwa uleule. Kiswahili kinasema ruka kwa zote tatu, na Kiganda kinasema "buuka" kwa zote tatu, tena kwa ndege pia. Nilipendekeza "chupa" kwa "leap", neno zuri la kale. Watoto wakaanza kuangalia pembeni wakitafuta chupa ya maji. Nikalifuta.

Nikawauliza: mnapotoka shule mvua imenyesha, mtaro umejaa, mnauvukaje? Mvulana mmoja akasimama, akachukua hatua mbili, akatanua miguu hewani, akatua kwa mguu wa mbele. "Leap" kamili. Tumeiita ruka-mtaro. "Hop" ni ruka-kimguu. Na "jump" imebaki kuruka, kwa miguu miwili, kila mara.

17 Mei 2025: Majina ya watu

Mchezaji akifanikisha kitu kipya kwenye mashindano yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa, kinaweza kupewa jina lake. Shirikisho hilo liliundwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1881, na orodha ya majina ni ndefu.

Nilidhani majina haya ni mepesi, kadi moja kwa jina moja. Sivyo. Mengine yamekuwa majina ya ukoo. "Yurchenko", kutoka kwa Natalia Yurchenko wa Muungano wa Kisovieti, inaeleza namna ya kuingia tu: gurudumu-funga hadi kwenye ubao, kisha "flic-flac" hadi kwenye meza. Baada ya hapo mchezaji anaweza kupinduka kwa umbo lolote na misokoto yoyote, na bado ni Yurchenko. "Tsukahara", kutoka kwa Mitsuo Tsukahara wa Japani, vilevile: unageuza mwili kabla mikono haijagusa meza au inapogusa, halafu unapinduka nyuma. Hizi zina uzi mwekundu kwenda kwa watoto wao.

Mengine ni kinyume: jina moja, vitu vingi visivyohusiana. Biles ana vitano vyenye jina lake, viwili sakafuni, viwili kwenye meza, kimoja kwenye boriti. Kadi iliyoandikwa "Biles" tu haisemi kitu. Nimelazimika kuandika kadi tano na kutaja kifaa kwenye kila moja.

Tahajia za majina hatuzigusi. Lakini chini ya kila jina kuna maelezo ya Kiswahili, maana jina la mtu halimfundishi mtoto aweke mkono wapi.

31 Mei 2025: Kukinga na kutia nanga

Maneno mawili madogo yamechukua Jumamosi nzima.

"Spot" kwa kocha ni kusimama kando, mikono tayari, kumsaidia mtoto apite salama. "Spot" kwa mchezaji ni kuitafuta sakafu kwa macho kabla ya kutua. Kocha akisema "spot" bila kuongeza neno, mtoto hajui ni nani anaambiwa. La kocha Afande alilipa jina papo hapo: kukinga. Kama unavyokinga maji ya mvua kwa ndoo: hushiki, hubani, unaweka mikono pale yatakapodondokea. Nimemtazama akimkinga mtoto wa miaka 8 kwenye "flic-flac", mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine nyuma ya paja, na sikuona mahali alipombana. La mchezaji tumeandika "tafuta sakafu".

La pili ni "stick": kutua bila kusogeza mguu hata kidogo. Hatua ndogo hukatwa 0.10 na kuanguka hukatwa alama 1.00 nzima, kwa hiyo si pambo. Nilikuwa nimeandika "kunata". Watoto hawakulipenda, kinachonata ni ubwabwa. Mvulana mmoja anayekaa Ggaba, baba yake ni mvuvi, akasema mtumbwi ukifika mwaloni hauachwi uyumbe. "Ametia nanga," akasema. Tangu hapo wenzake wanamhesabia kila anayetua: ametia nanga, hajatia nanga. Sikuwa na haja ya kuwaeleza zaidi.

Swali la alama lilikuja hapohapo: mbona siku hizi hakuna 10? Niliwaeleza kuhusu Nadia Comăneci wa Romania kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, alipopata 10 na ubao wa alama ukaonyesha 1.00 kwa kuwa haukutengenezwa kuonyesha zaidi. Tangu 2006 alama ni mbili zinazojumlishwa: D ni ugumu wa ulichofanya, haina kikomo, E ni usafi wa ulivyofanya, inaanzia 10 na kupungua. Kadi mbili, uzi mweusi hapana, kwa sababu si vinyume. Zote mbili zina uzi wa buluu kwenda kwenye alama ya mwisho.

14 Juni 2025: Kupiga chapa

Kadi zimebaki 148 baada ya kuunganisha majina yanayojirudia. Nilizipeleka kupiga chapa barabara ya Nasser. Kabla ya kuzilaminisha nilizisoma moja moja nikakuta kadi kadhaa bado zina "geuka" mahali pa "jisokota". Zilikuwa za faili langu la Machi ambalo sikulisahihisha. Kurasa 10 zikarudiwa kwa shilingi 5,000. Ukifanya kazi hii, weka faili moja tu na ufute ya zamani. Kulaminisha kurasa 12 kumegharimu 24,000.

Jumla ya fedha zote ni shilingi 161,000. Kati ya hizo 71,000 ni za boda na zahanati.

Maneno hayohayo nimeyaweka pia kwenye jedwali la simu, lenye safu hizi: neno la Kiingereza, neno letu, kijiti (cha kwanza, cha pili au cha tatu), umbo, linaanzia, kupitia na kuishia wapi (miguuni au mikononi), linatanguliwa na nini. Safu ya "kuanzia, kupitia na kuishia" niliiongeza mwisho, na ndiyo inayotenganisha "handspring" na "salto" bila maneno mengi: moja inapita mikononi, nyingine haipiti.

28 Juni 2025: "Barani"

Yule binti wa kifundo cha mkono amerudi kikamilifu. Gurudumu-funga lake sasa ni safi kuliko la wote. Leo alikuwa ameangalia video ya trampolini kwa simu ya kaka yake akakutana na neno "barani". Aliniuliza kama ni la Kiswahili, kwa kuwa anajua Afrika ni bara.

Nikamwambia si letu. Ni kupinduka mbele na nusu msokoto, bila mikono. Akaenda mbele ya ukuta, akamchukua mwanasesere, akamzungusha polepole kwa kijiti cha kwanza, kisha nusu kwa cha pili. Akasimama. "Mwalimu, mbona anatua kama kwenye gurudumu-funga? Anatazama alikotoka."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na ni kweli: mwanzo uko mbele, mwisho unatazama nyuma, miguu pamoja. Tofauti ni mikono, na gurudumu-funga huanzia kwenye kijiti cha tatu.

Sina rangi ya uhusiano huo. Si aina, si sehemu, si jina jingine. Uzi mweupe wa kushonea magodoro ulikuwa umebaki kipande. Aliukata kwa meno, akaandika "barani" kwenye kadi tupu kwa kalamu, akapanda juu ya boriti ili afikie, na kuufunga kutoka pini moja hadi nyingine.

Kadi sasa ni 149. Jumamosi ijayo tutaanza na trampolini.